Zile Saa Mbili za Jioni



Barua ya kwanza niliyoifungua mwezi huu imetoka Masasi. Mwenyewe yuko kidato cha pili, anacheza kiungo, na ameandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la hesabu, maneno yamebanana mpaka pembeni. Anasema mazoezi ya timu ya shule huanza saa kumi jioni. Saa kumi yeye yuko kisimani, na ndoo za kujaza ni nne. Kaka yake wanayefuatana saa hiyo hiyo anafunga kamba za njumu. Maji yakiisha kuna moto wa kuwasha, na akikimbilia uwanjani saa kumi na moja na nusu anakuta wavulana wameshika magoli yote mawili. Mwalimu amemwambia ana kipaji. Ananiuliza hicho kipaji akiweke wapi.

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilishika kalamu nikaanza kukuandikia habari za Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake. Nikazifuta. Hukuniuliza habari za Twiga Stars, umeniuliza habari za ndoo nne. Basi tuanze na ndoo.

Watu wakijadili michezo ya wanawake mikoani hutaja fedha, jezi, viwanja na wadhamini. Vyote hivyo vinahitajika, sibishi. Lakini mimi niliyekulia kijijini, nikacheza netiboli tangu darasa la nne, nimeona kwamba kitu cha kwanza binti anachokosa ni saa. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jua limepoa, shule imetoka, kivuli cha miembe kimefika katikati ya uwanja. Ndizo saa za mazoezi nchi nzima. Na ndizo saa ambazo nyumba inataka maji, inataka kuni, mboga ichambuliwe, mtoto abebwe mgongoni mama apate kukoroga ugali. Kwa mvulana saa hizo ni zake tangu azaliwe, hakuna aliyempa na hakuna anayemdai. Za msichana zimekwisha kugawiwa kabla hajaamka.

Usimchukie mama kwa jambo hilo. Yeye mwenyewe hajawahi kuwa na hizo saa mbili maishani mwake, sasa akupe vipi kitu ambacho hakukijua?

Nikueleze nilivyofanya mimi, ujue njia isiyofaa. Nilimdanganya mama kwamba kuna masomo ya ziada. Nikadumu wiki tatu. Siku moja jirani akamsifia mama, sokoni, mbele ya watu, jinsi mwanawe alivyofunga mabao siku iliyopita. Mama alirudi nyumbani asiseme neno. Alinyamaza siku mbili. Afadhali angenichapa. Miaka baadaye aliniambia kilichomuuma: kusikia habari za mtoto wake kwenye mdomo wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mazoezi ya kuibia yana mwisho mbaya, hata ukifunga mabao ishirini.

Kwa hiyo, nenda kaombe. Ila usiombe "michezo", maana hilo ni neno kubwa na mama akilisikia anaona jioni zote saba zimeondoka. Omba Jumanne na Ijumaa. Siku mbili, saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasorobo. Kabla ya kuomba, kaa chini uhesabu kazi. Ipo kazi isiyohamishika: moto lazima uwashwe jioni. Ipo inayohamishika: maji ya Jumanne yanaweza kuchotwa ndoo mbili Jumatatu usiku na mbili alfajiri, mboga inaweza kuchumwa ukitoka shule njiani. Nenda kwa mama ukiwa umeshapanga hivyo, na wiki ya kwanza yachote maji hayo alfajiri bila kuambiwa. Akiona madumu yamejaa, nusu ya maneno yako yamekwisha kusemwa.

Kisha zungumza na kaka yako, ninyi wawili tu, kabla ya kufika kwa mama. Yeye anacheza. Anajua uchungu wa kukosa mazoezi siku tatu halafu ukapangwa benchi. Mwombe Ijumaa achote ndoo mbili. Vijana wengi wa siku hizi hawana roho mbaya, hawajaombwa tu. Akikataa, mwambie mama mbele yake, kwa adabu, kwamba uliomba ndoo mbili. Mwache mama aone mwenyewe.

Baba yeye atauliza masomo. Mpelekee ripoti ya shule mkononi, na kama hesabu zimeshuka mwambie ukweli na useme utazipandishaje. Halafu mlete mwalimu wa michezo nyumbani, ikiwezekana mwalimu wa kike, mchana kweupe, apewe kiti, aseme mazoezi yanafanyika wapi, nani anakuwepo, mnarudi kundi gani na kwa njia gani. Wazazi wengi wanaokataza mpira wanaogopa giza la njiani. Hawana ugomvi na mpira wenyewe. Na ukipewa saa kumi na mbili, saa kumi na mbili ikukute uani umeshika ufagio. Ukichelewa mara moja umewachelewesha na mabinti wa nyumba tano za jirani, ambao wazazi wao walikuwa wanakutazama wewe.

Sasa uwanja. Katika vijiji vingi uwanja ni wa shule au ni wa serikali ya kijiji, na hakuna karatasi popote inayosema ni wa wavulana. Ni mazoea. Mazoea hayavunjwi kwa kugombana golini. Chagueni wasichana watatu na mwalimu, mwende kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji, muombe jioni mbili kwa wiki, na muombe jambo hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao. Mkazanie hapo. Ahadi iliyotolewa uwanjani Jumatatu hufika Ijumaa ikiwa imesahaulika, lakini iliyoandikwa na kugongwa muhuri mtendaji mwenyewe atailinda. Kama jioni nzima haipatikani, chukueni nusu uwanja. Kama hamjafika kumi na moja, msisubiri kufika kumi na moja. Wekeni mawe mawili, chezeni watano kwa watano. Na kama mipira ni ya tabu, chezeni rede, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara tuliocheza sote uani. Wengi wetu hatujui kwamba anayekwepa rede vizuri ana miguu ya mlinda mlango na jicho la mchezaji wa wavu.

Niwape mfano wa jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2001 kuna shirika la mpira wa wasichana huko, Moving the Goalposts. Walianza mahali ambapo msichana kucheza mpira mbele ya watu lilikuwa jambo la kushangaza, maji yanatoka mbali, shule wanaacha mapema. Kinachonivutia kwao ni kwamba wasichana wenyewe ndio wanaoendesha mambo. Mmoja anafundishwa uamuzi, mwingine huduma ya kwanza, mwingine ukocha, na mechi ikiisha wanakaa chini kuzungumza habari za mwili na uzazi, binti na binti mwenzake, bila mtu wa kuwatisha. Msichana akishapewa kuandika ratiba, anaiandika akijua kisima kiko wapi na kina foleni saa ngapi. Mwanamume mwema atawapangia saa kumi kamili, kwa sababu yeye hajawahi kusimama kwenye foleni hiyo.

Haya, mdogo wangu wa Masasi, umepata saa zako mbili. Zinakupeleka wapi?

Kwa shule za msingi kuna mashindano ya UMITASHUMTA, kwa sekondari kuna UMISSETA. Unaanza shuleni, unapanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa, na hapo unakutana na wenzako wa kila pembe ya nchi kwenye soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono na riadha. Na mwenzetu mwenye ulemavu asiambiwe abaki kushangilia: UMITASHUMTA ina michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, mwulizeni mwalimu. Mkoa wako wa Mtwara umekuwa mwenyeji wa mashindano hayo ya taifa mwaka 2019 na tena 2021, kwa hiyo walimu wa huko wanayajua vizuri. Muulize mwalimu wako mchujo wa kata ni lini, muulize sasa, usingoje mwezi wenyewe. Mara nyingi majina hupelekwa haraka haraka, na anayepelekwa ni yule ambaye mwalimu amemwona jioni nyingi.

Na usidhani njia hii lazima ianzie Dar es Salaam. Ligi Kuu ya wanawake ya Tanzania Bara ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza kabisa alitoka Mlandizi. Mlandizi! Mji mdogo wa barabarani mkoani Pwani. Mlandizi Queens ndio walioliinua lile kombe kabla ya JKT Queens, kabla ya Simba Queens. Mwaka 2022 Serengeti Girls, mabinti wasiozidi miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Aisha Masaka amecheza Sweden, kisha akaenda Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga amefunga mabao Saudi Arabia na Al Nassr. Opa Clement, nahodha wa Twiga Stars, amecheza Uturuki. Twiga Stars wenyewe walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, wakakaa miaka mingi bila kurudi, wakarudi Morocco Julai 2025. Nayataja haya ili mama yako akikuuliza kama kuna aliyefika, uwe na majina ya kumpa.

Lakini mimi ni dada yako, sitakudanganya. Wanaofika huko ni wachache sana. Ukiwapanga wasichana wote wanaocheza mpira wilayani kwako, huenda asiwepo hata mmoja atakayepanda ndege kwa sababu ya mguu wake. Ningekuwa mtu mbaya kukuambia uache shule ukingoje hiyo ndege. Ninachokuambia ni kwamba uwanja una viti vingi zaidi ya vile kumi na moja, na vingi vyake, huku mikoani, viko wazi kwa sababu hakuna mwanamke aliyeviulizia.

Hapo ndipo inapoingia barua ya pili, ya mdogo wangu wa Karagwe mwenye miaka 23. Alicheza UMISSETA, alikuwa winga. Akapata mimba kidato cha tatu, akatoka shule, sasa mtoto ana miaka minne na nusu. Anasema akipita karibu na uwanja hugeuza uso. Anadhani yake yamekwisha.

Mpenzi, hayajaisha. Tuanze na mwili. Faith Kipyegon wa Kenya, yule msichana wa Keringet aliyekuwa akikimbia pekupeku utotoni, alijifungua binti yake Juni 2018. Akapumzika, akarudi taratibu, akashinda dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021, na akashinda tena Paris 2024. Alikuwa na madaktari na makocha, najua, wewe huna. Lakini mwili wa mwanamke aliyezaa hauharibiki kwa mpira. Anza na kutembea kwa haraka, kisha kukimbia kidogo, na kama mkojo unakuponyoka ukiruka, mweleze muuguzi kwenye kliniki, ni jambo la kawaida baada ya uzazi na lina mazoezi yake. Usilifiche ukaacha mchezo kwa aibu.

Na shule: tangu Waraka wa Elimu wa Novemba 2021, aliyekatizwa masomo kwa ujauzito anaweza kurudi. Kama darasa la kawaida haliwezekani tena, au linakutia haya kwa umri wako, kuna masomo ya elimu ya watu wazima. Cheti hicho utakihitaji kwa haya ninayokuja kuyasema.

Wewe wa Karagwe ni mtu wa mkoa wa Kagera. Hapo kwenu ametoka Jonesia Rukyaa, mwamuzi aliyepata beji ya FIFA, aliyewahi kusimama katikati ya Simba na Yanga na filimbi mkononi. Hebu fikiri: mechi ambayo nchi nzima inasimama, wanaume ishirini na wawili wanakimbia, na mwenye kuamua ni mwanamke. Naye hakuanzia pale. Mwamuzi huanzia mchangani, kwenye mechi za shule na mabonanza ya kushindania mbuzi, anashika kibendera kwanza. Nenda kwenye ofisi ya chama cha mpira cha wilaya, uliza kozi ya awali ya waamuzi inafanyika lini. Utafundishwa sheria kumi na saba, utafanya mtihani wa kuandika, utakimbia mtihani wa utimamu wa mwili. Winga hawezi kushindwa na kukimbia. Posho za mwanzo ni ndogo, wakati mwingine ni nauli na maji ya kunywa. Lakini ni kazi unayoweza kuipanda ngazi kwa ngazi ukiwa na mtoto, maana mechi ina siku yake na saa yake, unajua lini umwache kwa bibi.

Kama filimbi haikuiti, kuna ukocha. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, kinafundisha ualimu na uongozi wa michezo. Ni chuo cha serikali na hakiko mjini, jambo ambalo mimi naliona ni jema. TFF, shirikisho letu la mpira wa miguu, nalo huendesha kozi za ukocha kuanzia ngazi ya chini kabisa, ile ya kufundisha watoto. Shule za msingi zinatafuta watu wa kuwafundisha wasichana, na wazazi niliowataja mwanzo, wanaoogopa giza la njiani, wangemkabidhi binti kwa kocha wa kike bila maneno mengi. Ukiwa kocha wa kike mkoani umebeba ufunguo ambao wenzako wa kiume hawana, hata wakiwa na leseni kubwa kuliko yako.

Na ninyi wengine viti vyenu vipo. Mwingine ni mshonaji. Timu zote za kata zinavaa jezi, na nyingi zinaagiza mjini. Kikundi cha wanawake chenye cherehani kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na mchanganuo wenye hesabu: timu ngapi, jezi ngapi, bei gani. Mwingine ana sauti, basi ajaribu redio ya jamii ya wilayani, Jumatatu asubuhi, dakika tano za matokeo ya ligi ya wasichana. Matokeo yakisomwa redioni, baba aliyekuwa anakataza huanza kuuliza timu yetu imefungaje.

Barua ya tatu ni ya Pangani. Binti anavaa hijabu, anacheza kikapu, na mjomba amemwambia achague moja. Mdogo wangu, huna haja ya kuchagua. Waliotunga sheria za soka waliruhusu kufunika kichwa mwaka 2014, na kikapu kikaruhusu mwaka 2017. Nouhaila Benzina wa Morocco amecheza Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023 akiwa na hijabu yake kichwani. Vaa iliyobana vizuri, isiyo na pini, ya kitambaa chepesi, na suruali ndefu ya michezo chini ya bukta. Mjomba mwoneshe, msikilize pia, pengine shaka yake ni nani anakaa kutazama mazoezi. Jambo hilo linazungumzika: uwanja wa ndani wa shule ya wasichana, au jioni ambayo watazamaji ni kina mama.

Ya mwili niyaseme harakaharaka, maana mnayauliza kila mwezi. Sidiria ya michezo inapatikana mtumbani kwa bei ndogo. Ikikosekana vaa mbili, ya juu ikiwa imebana kidogo. Hedhi haizuii mazoezi, ila jipime siku ya kwanza na ya pili, na timu iwe na mfuko mmoja wenye taulo za kike na kanga ya akiba ambao unakaa kwa kocha wa kike au nahodha, pasiwe na haja ya kuomba mbele za watu. Usifanye mazoezi na njaa. Kiazi kitamu kimoja au kikombe cha uji saa tisa kinatosha. Kula dagaa, maharage, mchicha, na maini yakipatikana, maana damu yako inapungua kila mwezi na jasho linaongeza deni. Hedhi ikikata miezi mitatu na huna mimba, usifurahie kwamba umepumzika. Nenda zahanati, mara nyingi mwili unalia kwamba unafanya kazi nyingi kuliko chakula unachoupa.

Na kuna barua ya nne. Sitasema imetoka wapi, wala mwandishi wake ana miaka mingapi. Anaeleza kwamba kocha wake humwita peke yake baada ya mazoezi, kwamba alimnunulia viatu, na kwamba sasa jina lake kwenye orodha ya safari linategemea jambo analolitaka huyo kocha. Ananiuliza kama kosa ni lake kwa kupokea viatu.

Mwanangu, na hapa nakuita mwanangu, kosa si lako. Hata ungepokea jozi kumi. Nafasi kwenye timu hailipiwi kwa mwili, na anayeidai hivyo anatenda jinai. Sheria yetu ya rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono wazi, kifungu cha 25. Kama una chini ya miaka 18 hakuna neno "ulikubali", mtu mzima ndiye mwenye hatia. Mweleze leo mtu mzima mmoja unayemwamini, mama, shangazi, mwalimu wa kike, mama mchungaji, yeyote. Asipokusikia mweleze wa pili. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo, na kule Kenya ni hiyo hiyo. Ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Usifute ujumbe wake kwenye simu hata kama unakutia kichefuchefu.

Nanyi viongozi wa timu, msingoje barua kama hii. Kocha asibaki na binti mmoja peke yake, si chumbani, si kwenye gari, si "dakika moja nikuelekeze". Safarini awepo mwanamke mzima mwenye jukumu hilo tu, na hapo ndipo kuna kiti kingine cha uwanjani: mlezi wa timu. Simu za mabinti zipitie kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Orodha ya wachezaji waliochaguliwa ichaguliwe na watu wawili au zaidi, ibandikwe ukutani na sababu zijulikane. Kocha mwema hatakasirika. Mimi nilimwona kocha mmoja wa aina ile mbaya, miaka ile nikicheza, na sote tulijua, na hakuna aliyesema. Mwenzetu aliyekuwa mfungaji bora aliacha netiboli ghafla tukasema kajiona. Namfikiria mpaka leo.

Na wewe mama wa Kondoa, kwenye barua yako umeuliza kama mpira utamharibu binti uzazi, na nani atamwoa mwenye miguu migumu. Mama yangu, uzazi hauharibiwi na mpira, wanariadha wanazaa kama wengine. Mwaka 1965, wengi wetu hatujazaliwa, Theresia Dismas alirusha mkuki kule Brazzaville kwenye Michezo ya Afrika akatuletea medali ya fedha. Wanawake wa nchi hii wana mikono ya kurusha na miguu ya kukimbia tangu zamani, wanabeba kuni kilomita tano na hakuna anayewauliza habari ya miguu migumu. Na la kuolewa, nakuomba uje uwanjani siku moja umtazame akicheza. Mama yangu alikuja siku moja, mwaka wangu wa mwisho wa shule. Alikuwa anatoka shambani, akasimama pembeni na fungu la mchicha kichwani, hakulitua. Alisimama hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Njiani hakuzungumzia mchezo hata kidogo, ila usiku nilipokwenda kuosha vyombo nilikuta vimekwisha kuoshwa.

Mdogo wangu wa Masasi, narudi kwako. Leo jioni hesabu kazi. Kesho zungumza na kaka. Jumapili baada ya chakula, mama akiwa ametulia, omba Jumanne na Ijumaa. Kisha niandikie mlikubaliana nini, na zile ndoo mbili za Ijumaa nani kazichota.